Tuyo ya Kumwangia Maua

Kabwe, kichwa ya mbuzi,

Ninaanza na tusi, juu ya kuwa kwenu hakuna tena muntu mwenye ananipa ruhusa ya kutukana. Ile mulango balinifungia. Nitakueleza vile ilikuwa, pole pole, kama ulivyopenda muntu akueleze ugonjwa ya motere: mwanzo kwanza, kisha kati, na asiruke kitu.

Kamyonete yako, ile gari ndogo ya mizigo, iko muzima. Inalala fasi yake kando ya nyumba yako, hapa Kamalondo, na Veronika bibi yako alitandika gunia juu ya kiti yenye ilipasuka. Alipata shofere, muntu mupole, haendeshe kama wewe. Inaenda Kinsevere kuchukua makala ya kupikia na mihogo, na inarudia bila kukohoa. Mutoto yako ya mwisho alitoka meno mbili. Mvua ilianza.

Sasa tuyo.

Unakumbuka ile tuyo ya esanse, ile mupira fupi ya kupitisha petroli, ya kutoka ku chuma ya chini mpaka ku pompi. Ilikuwa imepasuka-pasuka kama kisigino ya mulimaji. Esanse ilikuwa inadondoka tone kwa tone, na wewe kazi yako ilikuwa kuipaka sabuni. Ulikuwa unasema, "Sabuni inaosha, sabuni inafunga." Mwisho sabuni ikashindwa, ukaniletea kamyonete ku garaji ya Mugreki, kule nilikuwa natumika. Ukasema mbele ya bantu bote kama unaileta kwa Munganga ya Makinga, juu munganga ya kweli alikuwa bado kulala.

Ile jina ulinipa wewe. Nilitengeneza makinga miaka mingi, nikiziba mipira ya baiskeli ya bantu mu soko, mbele ya kugusa motere hata moya, na haukukubali nisahau. Bantu balicheka na mimi nilicheka. Kwetu na kwenu ni utani tangu bazee ba bazee. Muntu ya kwenu anaweza kunitukana mu njia, anaweza kuingia mu nyumba yangu na kufunua chungu, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Na mimi kwake vile vile. Lakini leo nakuambia: ile siku ilinichoma kidogo.

Mu magazini, ile stoo ya garaji, tuyo ilikuwa imekwisha. Karani alisema ingine itafika na gari ya moshi, kisha majuma mbili. Muntu mwingine ningemwambia angoje. Kwako nilishindwa, juu nilijua ungejibu nini, na nani angesikia. Rafiki yangu moya alikuwa anatunza bustani ku mutaa ya Golf, kwa Muzungu, na alikuwa na kipande ya tuyo ya kumwangia maua mayi, yenye bwana wake alitupa. Mupira yake ilikuwa kaushu muzuri, nyekundu, nene, na upana yake ilikuwa sawa sawa. Nilikata shibiri moya, nikaifunga na kamba ya chuma huku na huku. Ilikaa vizuri kupita ile ya fabrike, yenye inatoka ku kiwanda.

Uliuliza, nikajibu, "Ni ya fabrike, mupya." Ulipiga kapo, kifuniko ya motere, na kiganja, ukasema Munganga ya Makinga anaanza kukomaa.

Kabwe, tangu tujuane ile njo sifa moya tu ulinipa. Nililala nayo, niliamka nayo.

Kitu chenye sikujua, na chenye hata mufagiaji ya garaji angeweza kunielezea kama ningemuuliza, ni kama kaushu ya mayi na esanse habapatane. Kaushu inakunywa. Inje inabaki inang'aa, ndani inavimba, inakuwa laini kama bukari, ugali yenye haikuiva. Ukitembea karibu, nyumba na soko, haina neno. Ukienda mbali, na jua kali, pompi inavuta, ile ulaini ya ndani inajikunja na kufunga njia. Motere inakufa. Ukiiacha mpaka ipoe, inalegea, njia inafunguka, na motere inawaka kama hakukuwa kitu.

Tuyo ya kweli ilifika siku yenye karani alisema. Niliilipia, nikaitia mu sanduku yangu ya kazi, mu karatasi yake. Kukufungia ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini ningepaswa kwanza kukuambia ile ingine ilikuwa nini. Nikasema juma ijayo. Juma ijayo nikasema tena juma ijayo. Ilikaa mu sanduku yangu majuma tatu, na kila siku nilikuwa naisukuma kando ili nipate nyundo.

Halafu ikakuya ile Siku ya Posho, Jumamosi. Ulienda Kinsevere na Veronika na Ilunga mudogo wako. Asubuhi tumbo ilikushika, upande ya kuume. Saa tano haukuweza tena kusimama. Ilunga alishika usukani, Veronika aliweka kichwa yako juu ya magoti yake, na mukaanza kurudia mbio juu ya hospitali. Kati ya njia, mu jua ya saa sita, kamyonete ikakufa.

Ilunga anajua kuendesha, hajue kutengeneza. Aliniambia yeye mwenyewe: alifungua kapo, aliangalia, aliona tuyo nyekundu, mupya, inang'aa, akasema hapa hakuna neno, akaenda kutafuta fasi ingine. Alipiga manivela, ile chuma ya kuzungushia motere, mpaka mikono yake ikatoka malengelenge. Alipochoka, alikaa, hakujaribu tena. Kamio, lori ya mbao, iliwakuta jua ikianza kushuka, ikawabeba. Ku hospitali balimwambia Veronika kama mungefika mu saa saba, ile tumbo ingepasuliwa na ungepona.

Wewe ulijua ile yote mbele yangu. Ninaiandika juu ninataka uone kama sikuruka kitu.

Kesho yake Ilunga alirudia mu njia kuchukua kamyonete. Aliizungusha mara moya tu, ikawaka. Hapo njo maneno ilianza. Kamyonete inakatala kutembea na mugonjwa ndani, mugonjwa akisha kufa inakubali. Ile si chuma, balisema, ile ni muntu. Ni nani alikuwa amekaa karibu naye? Ni nani si wa kwetu? Macho yote ikamugeukia Veronika.

Siku ya kukuzika nilikuwa sijasikia bado. Nilifanya kazi yangu ya mutani, na niliifanya muzuri, usilalamike. Nilivaa kofia yako, nikaendesha sahani mbele ya bamama kama vile ulikuwa unaendesha, na shingo inje. Niliingia mu shimo, nikalala, nikasema sitoke mpaka balete kuku. Balileta kuku. Mama yako, mwenye alikuwa hajakula kitu tangu afike, alicheka mpaka akaomba mayi.

Kisha tulikaa ku moto na Ilunga akanielezea njia yote. Aliposema, "Ikawaka mara moya," mukono yangu ilijua mbele ya kichwa. Nilimwambia nitaangalia kamyonete. Nilitosha ile tuyo ku motere, nikachungulia ndani. Ilibaki katundu kadogo, hata njiti ya kiberiti haingepita. Niliitia mu kopo ya esanse, nikafunika. Nikachukua ile ya fabrike mu karatasi yake na kuifunga. Dakika chache, kweli.

Na nikanyamaza. Usifikiri nilikuwa nalia, nilikuwa naogopa. Kilio ilienda, siku moya, siku mbili, siku tano, na mimi nilikuwa nakula bukari yao na kubachekesha. Veronika alikuwa amekaa chini ku pembe ya nyumba, hakuna mwenye alimupa mayi ya kunawa. Ilunga alisema siku ya kutosha kilio, kumaliza matanga, hatasafishwa kama bajane bengine. Atarudia kwa bazazi yake, bale balimaji, mikono mitupu, na batoto yote mbili bataenda Kabongo, ku muji ya kwenu. Ile mudogo alikuwa bado ananyonya. Veronika alipakata ile mudogo. Mara moya tu aliniangalia na kusema, "We mutani, unaweza kusema neno lolote, na neno moya kwa mimi hausemi."

Siku ya kutosha kilio bote balikuwako. Nilisimama, nikasema: mimi njo nilimuua Kabwe.

Balicheka.

Nilisema tena. Balicheka zaidi. Mujomba wako alishika mbavu zake. Mama mumoya alinitupia unga mu uso, akasema watani ya mwaka huu habana adabu hata kidogo. Nilibaambia kama ni kweli, kama niliziba njia ya esanse na tuyo ya maua, na Ilunga mwenyewe, na macho mekundu, alisema, "Munganga ya Makinga, utatuua na kicheko." Kabwe, nilisimama pale na unga mu kope, na kweli yangu haikupata hata fasi ya kukaa. Maisha yote nilikuwa naweza kubaambia neno lolote, kwa sababu neno langu halikuwa na uzito. Ile siku nilitafuta uzito, sikuupata.

Nikatoka, nikaleta kopo yenye tuyo ilizidi kuvimba ndani yake. Nilitosha tuyo nyekundu, nikaipangusa na shati yangu, nikamupa Ilunga. Nikamwambia, "Wewe njo ulikuwa ku usukani. Puliza."

Alifikiri ni muchezo bado. Alitia mu kinywa, akapuliza. Mashavu ikajaa. Alipuliza tena, mushipa ya shingo ikasimama, na pumzi haikupita. Aliitosha mu kinywa, akaiangalia. Akatema esanse. Alienda mwenyewe ku kamyonete, akafungua kapo, akaona ile ingine fasi yake. Aliporudia hakukuwa tena mwenye kucheka.

Ningelipenda banipige. Habakunipiga. Mujomba wako alisimama akasema maneno matatu tu: "Utani ulikwisha hapa." Kisha akaita mayi. Mama yako mwenyewe alimunawisha Veronika mikono na uso, akamufunga kitambaa cheupe, na batoto balibaki kwa mama yao. Nyumba ilibaki yake, na kamyonete. Vile njo nilitaka, na vile njo ilikuwa. Nilirudia kwetu na kofia yako mu mukono, nikakumbuka si yangu, nikarudi kuitundika ku mulango.

Tangu ile siku bantu benu bananisalimia muzuri sana. Ilunga akinikuta mu njia anatosha kofia ku kichwa: "Bwana, habari ya kazi." Mujomba wako, Bwana. Batoto yako balifundishwa kuniambia Bwana. Veronika, nikienda kuangalia kamyonete, ananipa kiti na mayi ya kunywa na anangojea nimalize. Hakuna hata moya mwenye ananiuliza kama nilifunga tuyo na tope. Sikujua adabu inaweza kuuma hivi. Ninakukosa, Kabwe. Ninakukosa zaidi pale bantu bananiheshimu.

Nitakuacha sasa, taa inataka mafuta na macho yangu pia. Ninakuahidi hii: kila mwaka, mbele ya jua ya kiangazi kukomaa, nitatosha tuyo ya kamyonete yako hata kama iko muzima, nitatia ya fabrike, na mbele ya kuifunga nitapuliza ndani yake, Veronika akiangalia. Nitafanya vile mpaka kamyonete ichoke, ao mimi.

Na siku nitafika kwako, usitoshe kofia. Nikisimama ku mulango, usiniambie Bwana. Nitukane.

Ni mimi,
Munganga ya Makinga