Ubeti wa Nyandeng

Mama yangu,

Tangu tukuzike nimeianza barua hii mara nyingi kichwani, na kila mara nimeshindwa kuvuka jina lako. Leo nasema yote.

Unaikumbuka Jumapili ile mtaani Kaptembwo, hapa Nakuru? Nyinyi akina mama wa kwetu Sudan Kusini mlikuwa mmekodi darasa la kuabudia, mkaimba ule wimbo wa vita hadi ukasikika barabarani. Kila nyumba iliyopoteza mtu ilikuwa na ubeti wake. Wako ulikuwa wa dada yangu Nyandeng, aliyechukuliwa na mto mlipokuwa mkikimbia bunduki, kabla sijazaliwa. Uliimba umefumba macho, machozi yakishuka. Nami nilikuwa nje na wenzangu wa darasa la saba, tukichungulia dirishani.

"Huyo si mathe yako?" mmoja akaniuliza.

"Zii, si yeye. Ni jirani tu."

Ukafumbua macho. Ulinisikia.

Nyumbani hukunigombeza. Ulikuwa ukimenya viazi ukasema, "Nyandeng hana kaburi. Ana huu wimbo tu. Njoo nikufundishe."

"Mama, hiyo vita ni yenu. Mimi ni wa Nakuru."

Ukaendelea kumenya. Hukuniomba tena, miaka yote ile, nami nikashukuru. Kushukuru huko ndiko kunakonichoma zaidi.

Siku ya matanga yako wanawake walijaa uani. Wimbo ukapita nyumba kwa nyumba, kila mmoja akiimba wafu wake, hadi ukafika kwetu. Wote wakanitazama. Sikujua neno hata moja la ubeti wako. Nikainama nikatazama viatu vyangu, mpaka rafiki yako Mama Akuol akaupokea kwa ubeti wa nyumba yake. Baadaye nilimfuata jikoni nikamsihi anifundishe wako.

"Siujui, mwanangu. Huo aliutunza mwenyewe."

Basi umekwenda nao, Mama. Nyandeng amepotea mara ya pili, na safari hii si mto uliomchukua.

Jumapili iliyopita nilienda kwa akina mama wale, kwenye darasa lao la kuabudia. Zamu yetu ya kuimba ilipofika nilisimama, nikawaambia kwa Kiswahili, maana Kidinka changu ni cha kusalimia tu, kwamba nilikukana mbele ya watoto wenzangu. Nikalitaja jina la dada, kavu, bila wimbo. Hakuna aliyenifariji. Mama Akuol alijisogeza tu kwenye benchi, akaniachia nafasi. Nikaketi. Wakaanza upya, mwanzo kabisa, polepole, ili nami nifuate.

Pumzika, Mama. Mimi bado naona haya.

Binti yako aliyebaki