Mama Amekataa Kutoka Kasho

Bulengera, Butembo, tarehe 4 Machi 2002

Kamate mudogo wangu,

Salamu mingi. Batoto biko bazima? Muke wako Falonne aliacha kukohoa? Sisi huku tunapumua, bugali tunapata, Mungu asifiwe. Salamu zimeisha, sasa kaa chini.

Jana mutu wa pickup alileta habari ya Mutwanga kwetu. Polisi bako bamemukamata Mama. Mama yetu! Bamemupandisha gari na banamuke bengine mpaka kasho, jela yenu ya Beni, juu ya miti mbili ya bangi nyuma ya nyumba ya mbuzi, ile anapikia mbuzi yenye kuvimba tumbo, sawa vile mama yake alifanya. Na ordre ya kukamata ilitoka kwa biro yako.

Hii ni serikali ya namna gani? Barabara hakuna. Sisi balimu tunalishwa na bazazi. Mwenye bunduki anachukua ngombe muchana, hakuna wa kumufuata. Lakini mumea, ule hauna miguu ya kukimbia, huo munaweza kuukamata! Kasikisi, pombe yetu ya ndizi, imevunja ndoa ngapi hapa Butembo? Na munaitoza kodi. Kazi ya serikali ni kulinda mutu. Mutu mwenye bangi imeharibu, ni mugonjwa. Mumupeleke kwa munganga. Mimi dada yako ninasema: fungua ule mulango leo, kisha tutaongea sheria.

Yaya wako,
Hulda

Beni, tarehe 7 Machi

Yaya Hulda,

Wasingya, asante kwa barua, hata kama imeniunguza mikono. Falonne amepona. Binti wetu Bénite anauliza utakuja lini kumufundisha tena kusoma kwa kelele.

Ni kweli, ordre nilisaini. Mais unaandika kama mutu ambaye hajasimama kwa barrière ya barabara mbele ya soda, mwanajeshi mwenye macho mekundu, kidole kwa bunduki. Umesahau Malachie? Mudogo wetu alikuwa anajenga manyumba ya batu. Tangu basoda bamufundishe kuvuta, anagombana na kuta. Serikali imenipa fimbo moya tu. Basi ninapiga nayo.

Juu ya Mama: nilienda saa sita, wakati balinzi banakula. Nikafungua. Nikamuambia, “Mama, toka upesi, pikipiki iko inje.”

Akamuangalia Christa, jirani yake mwenye mutoto wa kunyonya.

“Na huyu?”

“Mama, wewe kwanza.”

“Kamate, nilikuzaa mbele ya batu. Leo unataka kuniiba kama kuku? Kama kuna kosa, ni sisi wote. Kama hakuna, ni sisi wote. Funga mulango, upepo unapiga mutoto.”

Yaya, nikafunga. Mimi chef muzima wa polisi, nikafunga.

Mudogo wako,
Kamate

Bulengera, tarehe 10 Machi

Kamate,

Unapata usingizi? Mimi hapana. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Bitabu byote nimesoma juu ya sheria, na Mama amebishinda ameketi chini!

Na Malachie umenichoma, na ulikuwa na haki. Mais jibu: mwaka jana ulimufunga mwezi muzima. Alitoka amepona? Alitoka anajua bauzaji bapya! Fimbo yako inafika kwa mugongo wa mugonjwa, kwa muuzaji haifike. Na tena, Bwana Chef: mifuko ya bangi ile mulibeba kutoka Mutwanga, iko fasi gani?

Salamu yangu kwa Mama na kwa banamuke bote.

Yaya wako,
Hulda

Beni, tarehe 15 Machi

Yaya,

Salamu. Mama ni muzima, anaomba chumvi kidogo kwa mboga ya sombe.

Nilifungua depot, gala yetu. Mifuko karibu yote imeenda. Balinzi bangu banauzia basoda ba barrière. Ule moshi niliogopa, ndio ulikuwa unatoka kwa nyumba yangu.

Nikamuambia Mama. Hakunilaani. Akasema: “Andikia yaya yako asiseme bangi ni maua. Malachie ni mwana wangu. Mais mutu ule alimuuzia hajalala hapa hata usiku moya, na mimi niko. Serikali ikuwe, mais ijue adui yake.”

Kesho ninaenda mbele ya mukubwa wangu na machef ba vijiji. Nitasema yote, depot pia. Falonne analia. Kama barua inakawia, usikuje Beni.

Mudogo wako,
Kamate

Bulengera, tarehe 28 Machi

Kamate,

Salamu, kama uko na fasi ya kuzipokea. Madereva banashuka hapa mikono tupu, na mimi ninabauliza mpaka banaanza kunikimbia.

Ijumaa kisha Pasaka nitatafuta pikipiki ya kuja Beni, ukatae ao ukubali. Miaka yote ninapiga kelele serikali itoke kwa manyumba yetu. Sasa ninalomba Mungu ndani ya ile serikali abaki mutu moya mwenye haya, na huyo mutu akuwe muzima. Nijibu, hata kwa matusi.

Yaya wako,
Hulda

Mutwanga, tarehe 3 Aprili

Yaya Hulda,

Salamu za Pasaka. Ni muzima. Usishuke Beni, sina tena biro kule. Barua ilikawia sababu balinifunga, kasho ile ile nilikuwa ninafungia batu. Mama akasema, “Karibu, chef,” na banamuke bakacheka mpaka mulinzi akakuja kuangalia.

Mais machef ba vijiji hawakunyamaza. Balikuja na bazee na pasta, bakauliza habari ya depot mbele ya batu bote. Mukubwa akaona haya. Tulitoka kwa mulango mukubwa, muchana, Christa mbele na mutoto wake.

Na bamepatana, kwa kujaribu, mpaka bakubwa bale biko Sun City kwa mazungumzo ya amani bamalize kugombana: mwenye kuvuta, ao mwenye mumea wa mbuzi, hapana kasho, anaenda kwa chef na kwa munganga. Muuzaji wa basoda, huyo kasho. Sheria ya inchi haijabadilika, najua utapiga kelele. Piga tu, tunaihitaji. Mimi bamenilomba nikae na munganga hapa, bila mushahara, sawa wewe.

Jana ilikuwa siku ya kwanza. Asubuhi yote tulikaa, munganga, Mama na mimi, hakuna mutu. Malachie alipita mbali, akageuka. Mama akasema tumuache, anajua nyumba.

Kisha akafika soda. Akasimama kwa mulango, akatoa bunduki begani, akaiegemeza inje kwa ukuta. Akauliza polepole:

“Ni hapa banasaidia mutu kuacha, bila kumufunga?”

Munganga akaniangalia. Mimi nikaangalia bunduki. Mama akamuambia:

“Ingia, mwanangu. Umekula?”

Mudogo wako,
Kamate