Kongoni ya Jagi

Jumapili, 15 Juni 2025

Baridi! Nimefungua baa saa nne, sweta mbili mwilini. Mtaa mzima wa Mfaranyaki umejikunyata. Walioingia ni wazee wangu wawili tu – Mzee Kajetani na Mzee Amedeus. Wao baada ya misa ya kwanza lazima wafike, mvua inyeshe isinyeshe. Mjerumani na Mswisi. Nilipokuwa mtoto, baa ikiwa bado ya mama, walikuwa wazungu sita kwenye meza ile ile ya karibu na mlango wa uani. Wengine wamerudi kwao, wengine tumewazika.

Mazungumzo – Kongoni. Tena! Bia iliyokufa mwaka 1995 kiwanda kilipofungwa, lakini mezani pale haijafa hata siku moja. Amedeus anasema povu lake lilikuwa zito, unaweza kulisimamishia njiti ya kiberiti. Kajetani anasema povu si kitu, utamu ulikuwa ule uchachu wa mwishoni, nyuma ya ulimi. Hasa ile Kongoni ya jagi. Wakahamia kwenye Mbalamwezi, pombe kali ya vichupa bapa, nayo imepotea. Wakaiimbia sifa kama marehemu. Kisha wakatazama bia zao za leo kama watu waliopewa dawa ya minyoo.

Nilikuwa nacheka. Halafu Kajetani, anamenya karanga, akasema taratibu kwamba anaondoka. Jumatano ya tarehe 25. Mtoto wa dada yake amemtumia tiketi, amempatia chumba kwenye nyumba ya wazee huko kwao. Kuna hita. Kuna nesi wa kumtazama goti.

Miaka hamsini na miwili yuko Songea! Nusu ya mafundi seremala wa mji huu kawafundisha yeye, kaka yangu mmojawapo.

Nilikwenda jikoni nikaosha glasi zilizokwisha oshwa.


Jumanne, 17 Juni

Nimeamua. Haondoki bila kuonja Kongoni. Lazima kuna chupa mahali!

Nimetuma tangazo kwenye grupu la wafanyabiashara. Majibu hayakukawia. Mmoja anayo – ina mafuta ya taa. Mwingine anayo – ina asali. Beda wa duka la vipuri kaja nayo mwenyewe, kaishika kwa mikono miwili. Tupu. Mama yake anasukumia chapati tangu mwaka tisini, na anaitaka kabla ya jioni.

Nimemweleza mama. Ana miaka themanini na mbili, anaota jua uani. Nilidhani atafurahi. Kasema, "Ya nini kuwatafutia wazee wa watu mambo yaliyokwisha?" Akageuza kiti, akanipa mgongo.

Ajabu.


Ijumaa, 20 Juni

NIMEPATA!

Kanipigia Bi Zabibu wa Msamala, mama wa Kiislamu, anauza vitenge. Nyumba yao marehemu mumewe aliinunua kwa mtu aliyekuwa na grosari. Mwaka jana fundi kabomoa kabati la ukutani, kakuta chupa nyuma yake. Imejaa. Kizibo chake chenyewe, kongoni kwenye lebo bado ana pembe zote mbili.

"Shikamoo Bi Zabibu."

"Marahaba, Dorine mwanangu. Ile pale, chini ya ndoo. Mimi siigusi."

Kumbe mwaka mzima kaifunika hivyo. Kuimwaga aliona vibaya – vipi kama ina mwenyewe? Kuiuza hawezi, kwake ni haramu. Nikauliza nimpe nini basi. Karibu anifukuze. "Nipe nini! Mimi nitakula hela ya pombe? Chukua, ondoka nayo, uniondolee dhambi nyumbani."

Nimeibeba kwenye bodaboda, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Mama kaiona, kaingia ndani.


Jumamosi, 21 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi jioni, meza yao, kitambaa cheupe. Sikuwaambia kitu. Nimeileta chupa juu ya sinia, nimeifunika taulo. Nilipofunua, Amedeus alisimama. Alisimama kabisa, kofia mkononi! Kajetani aligusa lebo kwa kidole kimoja, akasema "Ee Mungu wangu" kwa Kiswahili, mara mbili.

Tukafungua. Pss – hafifu, kama mtu anayenong'ona. Povu hakuna. Nikamimina glasi mbili.

Amedeus kanywa, kafumba macho. "Yenyewe. Imechoka tu. Lakini ni yenyewe."

Kajetani kanywa. Akaishika mdomoni muda mrefu. Akameza. Akanywa tena.

"Siyo hii," akasema.

"Ni ya miaka thelathini, Kajetani! Ulitaka nini?"

"Najua imezeeka. Mimi nasema chini ya uzee. Ule uchachu haupo. Haukuwahi kuwepo humu." Akaweka glasi. "Basi ni kichwa changu. Nesi wa hospitali hapa alinionya kuwa kuchanganyikiwa kwa uzee kutaanza hivi. Nimekuwa nikikumbuka kitu ambacho hakikuwepo."

Akatoa leso. Mzee Kajetani! Mtu aliyekatwa kidole na msumeno akaenda hospitali kwa baiskeli anapiga mluzi.

Ndipo mama akaingia kutoka uani, anashika ukuta. Akasimama mbele ya meza.

"Kichwa chako kizima," akasema. "Mimi ndiye mwongo."

Nikajua yote kwa mara ya kwanza, mimi mtoto wake! Miaka ile ya shida depo ya bia ilikuwa inampa kreti moja kwa wiki. Wazungu sita kreti moja wanaimaliza Jumamosi kabla ya jua kuzama. Mama alikuwa anapika komoni, pombe ya kienyeji, kama mama yake alivyompikia babu – mahindi na kimea cha ulezi. Akaichuja kwa kitambaa mara tatu, akailaza ikatulia, akachukua ya juu, kwenye ndoo nzima akamimina chupa mbili za Kongoni ipate rangi na harufu. Akaileta kwenye jagi la bati. Nao wakamwuliza, hii ndiyo Kongoni ya pipa, ya moja kwa moja toka kiwandani?

"Mlisema nyinyi wenyewe kwamba ni ya pipa. Mimi sikukataa."

Amedeus akasukuma glasi yake kando.

"Miaka mingapi?" Amedeus akauliza.

"Tangu vita vya Uganda mpaka kiwanda kilipofungwa. Ya jagi yote ilikuwa yangu. Hii ya chupa," akaisonta, "ilikuwa mbaya hata ikiwa mpya."

Kajetani akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Anacheka! Kacheka mpaka akapiga paji la uso mezani. "Mama Mariana," anasema, "Mama Mariana, nilimwandikia hata ndugu yangu wa Munich, nikamwambia huku kuna bia kushinda yetu!"

Amedeus hakucheka. Miaka yote anajigamba kwamba Kongoni anaitambua hata akifungwa macho. Kavaa kofia, katoka. Hata kwaheri hakuaga.


Jumapili, 22 Juni

Amedeus hajafika. Misani alikuwepo, kapita mlangoni kama hatujuani.

Nimegombana na mama. Nimemwambia angeweza kunyamaza, siku nne tu zilikuwa zimebaki. Kasema, "Nimwache mtu apande ndege akidhani ni mwehu?"

Kajetani kaja peke yake, na kilo sita za ulezi kwenye mfuko wa shule. Anataka mama ampikie ile ya jagi. Mama kamwambia ya kweli inachukua zaidi ya wiki, yeye anaondoka Jumatano. Kajetani akapendekeza wanunue kimea sokoni. Mama akakunja uso: kimea cha mtu asiyemjua yeye hakigusi.

"Basi loweka," Kajetani akasema. "Nione tu mwanzo wake."

Wameloweka.


Jumatatu, 23 Juni

Saa tano Amedeus huyo. Kasimama mbele ya mama uani, kofia kifuani.

"Mama Mariana, swali moja. Ile siku ya harusi yangu, mwaka 1984. Ilikuwa ya jagi?"

"Yote."

Akafikiri. "Ilikuwa nzuri sana," akasema. Akavuta kigoda, akakaa.

Jioni wametoa ulezi kwenye maji, wakaumwaga kwenye mkeka, juu ya majani ya migomba, wakaufunika. Wazee watatu wanabishana kuhusu unene wa tabaka! Kajetani kapima kwa rula yake ya useremala.


Jumatano, 25 Juni

Naandika kaunta, mchana. Ndege ya Dar saa tisa. Begi la Kajetani liko mlangoni – moja tu, miaka hamsini na miwili. Dereva Hironimus kaleta bajaji ya kumpeleka uwanjani tangu saa sita na nusu, keshapiga honi mara nne.

Nilikwenda uani kumwita. Kapiga magoti kwenye mkeka na goti lake bovu! Ulezi umechipua. Vijimizizi vyeupe, vyembamba, vimeshikana kama sufi. Anavitenganisha kwa vidole taratibu, kama anachambua nywele za mtoto. Mama anamwelekeza kwa fimbo. Sasa jua siku tatu, anasema, halafu kusaga, halafu kupika, halafu kulala. Jumatano ijayo inanyweka.

"Jumatano ijayo," Kajetani akarudia.

Amedeus alitazama saa yake, akaificha chini ya mkono wa shati.

Simu ya Kajetani inaita juu ya kigoda. Jina la yule mtoto wa dada yake. Nikamwambia, "Babu, simu." Kaitazama. Katazama mkeka. Halafu akainua uso kuelekea milima ya Matogoro, kuna wingu jeusi linashuka, manyunyu haya yasiyo na msimu.

"Dorine," akasema, "turubai mnaweka wapi?"

Nimelitoa stoo, liko hapa miguuni. Honi tena. Simu haijanyamaza. Mama anaita, niharakishe, kimea kikilowa sasa kinaoza, na wao watatu hawatoshi kushika pembe nne.