Pelagia Kalinga, Fundi Wetu, na Meza ya Dada Yake Italia

Mwaka umetimia, mama, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na nane Novemba ulipotutoka hapa Cedar Hill, Texas, binti yako Prudensia akiwa amekushika mkono na mwanao Sospeter akiwa bado barabarani na lori lake kutoka Houston. Tumekaa mwaka huu bila sauti ya cherehani chumbani kwako. Bado hatujazoea.

Wasiokufahamu tunawaambia hivi: ulikuwa fundi. Miaka kumi na moja ulirekebisha magauni ya harusi katika duka moja la Arlington, na bibi harusi hakutoka mikononi mwako bila kusimama wima zaidi ya alivyoingia. Hukujifunza kuendesha gari. Katika jiji hili ambako hata maziwa hufuatwa kwa gari, ulikaa kiti cha mbele ukiwa umefumba macho, ukisali kwa sauti ili dereva asikie. Na ulikuwa na tabia iliyotuaibisha sisi watoto: ukimkuta mtu dukani amevaa vizuri, unamshika pindo la nguo na kuligeuza uone mshono wa ndani. Tulikimbilia rafu nyingine. Wao walicheka, wakaishia kukuomba namba ya simu.

Jumapili baada ya misa ulitupikia sambusa za kuchemsha. Unga wa ngano na mayai, umeukanda na kuusukuma kwa chupa hadi uone kiganja chako kwa upande wa pili. Ndani boga tamu. Umekunja nusu mwezi, umechemsha, umemwagia siagi. Wageni waliuliza ni chakula cha wapi. Ulijibu, "Cha mama yangu, Celestine wa Makambako, Tanzania. Alikibuni mwenyewe." Uliamini hivyo, nasi tuliamini.

Kuhusu baba yako ulituambia sentensi moja tu: alikuwa Mwitaliano aliyekuja kujenga barabara kuu, aliondoka ukiwa tumboni. Shuleni walikuita chotara. Jina ulilobeba ni la mjomba. Tulipotaka kujua zaidi, ulisema, "Mtu asiyeniuliza habari zangu, mimi nimuulize zake za nini?" Kisha ulikanyaga cherehani kwa nguvu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndipo Abigail, kitinda mimba wako, akatema mate kwenye kichupa na kukituma kupimwa vinasaba bila kukuambia. Tunakumbuka alivyosimama mlangoni na simu yake.

"Mama, please usinikasirikie. Nimefanya DNA test. Kuna mtu Italy ame-match. Anaitwa Ornella. Ni dada yako kwa baba."

Ulirudi kwenye cherehani yako. Siku ya nne ulimuuliza, "Huyo Ornella, amezaliwa lini?" Alikuzidi miaka mitatu. Ukahesabu kwa vidole, ukaelewa, nasi tukaelewa: baba yako alipokuwa Makambako, alikuwa na mke na mtoto kwao. Alikuwa amekwisha kufariki zamani, na nyumbani hakuwahi kutamka kwamba upo.

Hatukudhani ungekwenda. Lakini Aprili mwaka jana ulijishonea koti la kitenge, ukamwambia Abigail, "Ka-book tiketi, kabla sijabadilisha mawazo." Mlikwenda wawili. Mlipanda treni mchana kutwa, milima ikizidi kukua dirishani, theluji juu yake, na wewe uliyezoea ubapa wa Texas ulikuwa ukisema polepole, "Jamani. Jamani, Mungu huyu."

Ornella aliwapokea kituoni, miwani myeusi usoni, akakupa ncha za vidole. Ndani ya gari, anasema Abigail, alikaza macho barabarani tu. Ulimnong'oneza Abigail, "Huyu hatutaki. Kesho turudi."

Mezani Ornella alileta sahani akaifunua. Nusu mwezi. Boga. Siagi imemwagwa juu, na mbegu ndogo nyeusi. Uliweka uma chini. Abigail akadhani umeugua.

"Muulize," ulimwambia, "muulize nani kamfundisha sambusa za mama yangu."

Abigail aliiambia simu, simu ikasema Kiitaliano. Ornella akajibu kwamba ni chakula cha bibi yao, mama wa baba. Bonde lile lote hupika hivyo. Naye akataka kujua wewe umekijulia wapi. Ukamweleza: mama yako aliuza maboga kwenye kambi ya barabara, na tangu ukiwa mdogo amekupikia hiki.

Ornella alivua miwani. Macho yake, anasema Abigail, yalikuwa yako. "Baba hakuwahi kushika hata sufuria nyumbani kwetu," alisema. "Mama yangu hakupikiwa hata siku moja. Kumbe alijua kupika, na alimpikia mama yako." Akaingia jikoni, akalia huko peke yake. Ulimfuata. Simu ya kutafsiri ilibaki mezani. Mlipotoka, mlikuwa mmeshikana viuno.

"Naona aibu kwa ajili ya baba," alikuambia baadaye.

"Dada, aibu hiyo si yako. Iweke chini."

Jioni hiyo alikugeuzia ukosi wa koti na kuukagua mshono wa ndani. Abigail alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe naye alishona suti kiwandani miaka thelathini. Siku tano zilizobaki mlikaa kwenye meza ya kukatia, mkabishana kwa chaki na vidole, mkashona koti la sufu ya kijivu lenye bitana ya kitenge kwa ndani. Ulilivaa kanisani Cedar Hill mwezi wa tano, joto likiunguza lami, ukakataa katakata kulivua.

Maradhi ya ini yalikuja Agosti, hayakutupa muda. Lakini uliondoka ukiwa umelitua swali moja ulilolibeba tangu kuzaliwa, na uso wako ulionyesha hivyo.

Tunakupa habari moja, mama. Wiki mbili zilizopita, siku ya kuwaombea marehemu, padre wa kijiji cha Ornella alisoma majina ya wafu wa familia. Alisoma la baba yako. Likafuata lako, na kwenye "Kalinga" akajikwaa, akalitamka ovyo. Ornella alisimama kati ya watu waliomjua tangu utotoni, akalitamka vizuri, kwa sauti, akabaki amesimama mpaka padre aliporudia.

Tunaokukumbuka ni watoto wako Prudensia, Sospeter na Abigail; mkwe wako Kalisti; mjukuu wako Rogers; wanajumuiya wa Cedar Hill na Arlington; ndugu zako wa Makambako; na dada yako Ornella.

Tutakukumbuka, mama, siku zote tutakazojaliwa kuamka.