Mafundi Kwanza

Kaka yangu,

Hatujambo. Mguu wa baba mdogo umepona, na sasa anatugombeza akiwa amesimama.

Ile kazi niliyopewa, ya kuwapanga mafundi wa kuujenga upya mji baada ya tetemeko, imejibu! Niliagiza waashi wajenge kwanza nyumba zao wenyewe. Mkuu wangu akafoka, "Wewe dada, shule iko chini, unawapendelea mafundi?" Nikamwambia, "Mzee, mwashi ambaye wanawe wanalala kwenye turubai atauacha ukuta wa shule mvua ikianza." Akanuna, akakubali. Basi waashi walipohamia kwao, walirudi kazini hawashikiki. Jana shule ilifunguliwa, mvua bado! Mkuu alicheza mpaka kofia ikamdondoka.

Nyumba ya mama nayo imesimama, pale pale ilipomwangukia. Najua ndiyo sababu unakwepa kurudi. Kuta tayari, bati liko juu, ila haina mlango. Maseremala wote nimewakatalia. Kazi hiyo nimempangia seremala mmoja tu, naye yuko mbali.

Njoo na randa yako, kaka.

Mdogo wako,
Kidomodomo