Kuhusu Yule Karani wa Dirisha la Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na nakuombea uzima, hasa uzima wa koo, maana kwa ulivyonisimulia, wiki iliyopita koo lako lilifanya kazi ya watu wanne. Mama anaendeleaje? Goti bado linamsumbua kwenye ngazi, au amekubali ile fimbo anayodai ni ya wazee? Akiikataa usibishane naye. Hatujawahi kumshinda, na sioni tukianza leo.

Huku kwangu hatujambo. Kituo kinakwenda. Juzi tuliletewa fundi aliyeteleza kutoka kwenye paa, mkono umevunjika, na muda wote ninaomfunga yeye ananiuliza kama ngazi yake imeokotwa. Jana alikuja mama mwenye mtoto anayepumua kwa shida. Tulimwekea dawa ya kuvuta, kifua kikafunguka, mtoto akaanza kuomba maji, nikajua tumepona wote. Kisha mama akatoa kadi yake ya bima ya umma. Muuguzi akamweleza kama tunavyowaeleza wote: kwamba bado hatupokei kadi, ofisi ya bima inachelewesha vyeti vya daktari. Mama wa watu akairudisha kadi kwenye mkoba, akawalaani watu wa bima taratibu, kwa adabu, kisha akatoka nje kuwapigia simu ndugu zake mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko.

Hapo ndipo nilipokumbuka habari yako.

Ulinieleza ulivyokaa foleni ya ofisi ya bima hadi dirisha la tatu, ukamuuliza karani vyeti vya kaka yako viko wapi mwaka mzima. Yule bwana wa miwani akasema hajaliona faili hilo. Ukamuuliza, kwa ile sauti yako ya mwalimu wa zamu, kama anajua bingwa wa tiba ya dharura ni mtu gani, au anadhani ni muuza vitunguu, na kama yeye mwenyewe ana mama au aliokotwa. Foleni nzima ikapiga makofi, mzee mmoja akakupisha kiti. Ukaenda kwa mkuu wa ofisi ukaandika malalamiko, naye akakuahidi kuwa Jumatatu karani atajieleza, na ikionekana kapoteza faili, anaondolewa dirishani na kazi yenyewe itatazamwa. Ulinihadithia kama mtu aliyerudi na kikombe cha ubingwa. Nami nilicheka, nikakuita Wakili wangu usiyelipwa. Nilicheka kwelikweli, ndicho kinachoniuma.

Siku mbili baadaye karani alinipigia. Alijitambulisha polepole, na cheo chake, kama anayesaini kitu. Alisema anaomba radhi. Kwa miaka yote aliyokaa pale hajawahi kupoteza faili la mtu, ila binadamu hawezi kujiapia, labda safari hii amechoka bila kujua. Alisema amekuwa akibaki baada ya kazi kupekua makabati, hata moja alilisogeza kutoka ukutani, akakuta chanuo la mtu. Akaniomba, kama nina nakala, nimtumie, ataziingiza kwa mkono wake siku hiyohiyo.

Na mimi, mdogo wangu, nikiwa nimevaa koti langu jeupe, nilimwambia asijali sana, kazi nyingi huchanganya mtu. Nilimsamehe. Akanishukuru mara nyingi. Muuguzi aliyekuwa karibu akasema nina roho ya malaika, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Sasa kaa chini, na kama mama yuko karibu, ikunje barua kwanza mpaka atoke.

Faili halijapotea. Sikulipeleka kamwe.

Unakumbuka niliporudi kutoka masomoni, mlivyonipokea kituo cha basi, mama akiniita bingwa mbele ya kondakta na abiria? Nilikuwa nimefeli. Mtihani wa mwisho ni wa vitendo: unawekewa mwanasesere wa mafunzo ambaye moyo umesimama, wasimamizi wanakutazama, na wewe ndiye unayetoa amri. Mimi niliyezoea kuwachekesha wagonjwa hadi wanasahau sindano, siku hiyo nilikosa hata neno. Nikajiambia nitarudia mtihani, nikipita ndipo nitasema. Sikurudia. Shemeji akanichorea kibao cha zawadi, BINGWA WA DHARURA, kwa rangi nyekundu. Nilimwambia herufi ni kubwa mno, kana kwamba tatizo lilikuwa ukubwa.

Usiogope, leseni yangu ya udaktari ni halali na wagonjwa wangu hawatibiwi na tapeli. Ila bingwa si mimi. Na la kunifanya nijifiche chini ya meza ni hili: bima wangenipokea hivyohivyo, kwa leseni ya kawaida. Hawadai ubingwa. Lakini orodha ya madaktari na ngazi zao hubandikwa mlangoni pa kila ofisi ya bima, na hapo kwenu unapita na mama kila akienda kuchukua dawa. Nikaona heri wenye kadi wahangaike kuliko nyinyi wawili msome mstari mmoja. Nikawaambia ofisi inachelewesha, na wewe, kwa kunipenda, ukaenda kunipigania.

Jana nilimpigia karani nikamweleza yote. Kisha akauliza, kwa hiyo si yeye aliyepoteza? Nikasema si yeye. Akauliza tena, akaniomba nisubiri, nikamsikia akimwambia mtu wa nyumbani kwake kwamba si alisema, si alisema. Aliporudi alinishukuru. Ningependa angenitukana. Nilipomuuliza nifanye nini, alisema barua ya radhi haitaki, itaishia kabatini. Anataka lisemwe palepale dirishani, foleni ikiwa imejaa, kwa sauti ileile, kwa sababu waliopiga makofi wengine ni majirani zake.

Sauti ilikuwa yako, uongo ni wangu, kwa hiyo atakayesema Jumatatu ni mimi. Ila malalamiko yana saini yako, na mkuu wa ofisi atamsikiliza aliyeyaandika. Nakuomba uyaondoe. Najua ninakutuma urudi kichwa chini mahali ulipotoka kichwa juu, na sina cha kukupa badala yake. Ukiona vigumu kusimama nami, yaondoe asubuhi mapema uende shuleni kwako, nitaelewa. Mama usimwambie. Jumapili jioni nitakuwa hapo, nitamwambia mwenyewe, na akinipiga na ile fimbo angalau ataanza kuitumia.

Ningeweza kupiga simu, lakini ungepokea tu ningekutania, ungecheka, na nikikusikia unacheka nisingesema tena. Barua naikabidhi kwa muuguzi anayekuja huko likizo. Naye nimemwambia. Hakurudia habari za malaika. Aliuliza tu nani atanishikia ngazi nikikishusha kibao, na kabla ya kuondoka akanishikia.

Msalimie shemeji, umwambie kazi yake ilikuwa nzuri, mwenye kibao ndiye hakukifikia. Wabusu watoto. Waambie mjomba anakuja, lakini safari hii wasimkimbilie getini kumuuliza amewaletea nini.

Ni mimi,
Kaka yako