Chembe Nyeusi Kwenye Maji ya Mvua

Yeyo wangu, takwenya.

Najua umeitika. Mwanangu Lemayian anakuinamishia kichwa kutoka huku Mombasa, mguse umsalimu. Mguu wako umepoa? Ile ng'ombe nyeupe imezaa? Na wewe Naisula dadangu, unayemsomea mama hii barua hapo Bisil, soma polepole na usiruke mahali.

Sijapiga simu kwa sababu ukipigiwa unaweka sauti juu, boma yote inasikia. Hii ni yako.

Mtoto amekuwa akiumwa na tumbo. Kosa ni langu, Yeyo.

Unajua vile sisi huona mvua. Hapa maji ya kisima iko na chumvi, kwa hivyo mvua ya kwanza ilipoanza nilitoka mbio nikaweka pipa chini ya mabati. Likajaa, na juu yake chembe nyeusi zinaelea. Sikushtuka hata kidogo. Nilikumbuka kibuyu chako, vile unakisafisha na kijiti cha oloirien kinachowaka mpaka maziwa inabaki na unga wa mkaa, na tuliinywa tukanenepa. Nikasema huu nao ni moshi tu. Nikampa mtoto kikombe leo, kesho, wiki mbili zikaisha.

Jirani yangu Mama Zuhura hutoa chaza kwenye mikoko ya ghuba, hapo chini ya nyumba zetu. Siku moja alinikuta namnywesha.

"We Mmasai! Wampa mwana masizi?"

"Hata kwetu maziwa iko na mkaa, na hatufi."

"Mkaa wenu watoka mtini. Huu watoka kule." Akanyoosha kidole kwa bomba la moshi la kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu. "Hebu twende nikuonyeshe."

Tukashuka mpaka majini. Hakukuwa na upepo, na juu ya maji kulikuwa na ngozi nyeusi, kama ya uji uliopoa. Kwenye gati wanafunzi wa chuo wameweka mabakuli meupe, wanapima kile kinachoanguka kutoka hewani. Msichana mmoja aliniambia si kiwanda peke yake, ni meli, ni malori, ni takataka zinazochomwa. Vumbi la hivyo vyote hushuka hata bila mvua, na mvua ikija inaosha mabati yote na kulimwaga huko ghubani. Matope hulishika, chaza nao hulivuta.

Mama Zuhura alisikiza, mikono kiunoni. "Na mimi nimewalisha watu wangapi?" Hakucheka. Tangu hiyo siku hajarudi kwa chaza, anapika maandazi.

Mimi nilikimbia kliniki. Daktari akamtoa mtoto damu, ikapelekwa mbali kupimwa. Yeyo, huko kungoja! Kila asubuhi namwangalia macho, namwangalia kucha, sijui natafuta nini. Baba yake, Wafula, ananiambia, "Mama Lemayian, wacha kumwangalia hivyo, utamtisha." Na yeye mwenyewe nimempata akimgusa tumbo mtoto akiwa amelala.

Barua niliiacha hapo juzi. Leo wametuita. Sumu ya hilo vumbi iko kwa damu, lakini ni kidogo. Daktari amesema tukikaa hapa itaongezeka. Akitolewa, apate chakula kizuri na maziwa, itashuka polepole, halafu apimwe tena. Nililia mbele yake. Akaniuliza, "Uko na mahali pa kumpeleka?"

Nikamwambia niko na mama.

Kwa hivyo tunakuja Jumamosi. Tutashuka treni Athi River, tulale Kitengela kwa shemeji, asubuhi tushike gari ya Namanga itushushe hapo Bisil. Wafula atabaki huku mpaka kaka yake amtafutie kazi Kitengela. Mwambie shangazi yangu wa shanga hapo sokoni aniwekee nafasi kwa meza yake, na yule kaka yangu wa mbuzi asimpandishe mtoto juu ya punda kabla hajapata nguvu. Wote nawasalimu.

Lakini kuna kitu moja, Yeyo. Hizi siku nimemfundisha Lemayian akiona kitu cheusi kwa kikombe amwage. Amejua sana, hata chai yenye majani anamwaga. Ukimpa maziwa ya kibuyu ataimwaga chini, na najua vile unachukia maziwa kumwagika. Tafadhali usimkaripie. Kunywa wewe kwanza, akikuangalia.

Ni mimi, niliyekuwa kitinda mimba wako kabla Naisula hajazaliwa,
Nasieku, mama Lemayian